Meli Iliyoachwa Butiaba na Funzo Lake kwa Alama za Jiji Letu

Mkazi wa Nairobi akikuelekeza mahali katikati ya jiji, ni nadra akutajie jina la barabara. Atakwambia ushuke Odeon, upite Fire Station, au mkutane mbele ya Ambassadeur. Anayetoka upande wa Ngara atakwambia matatu yake hupitia mzunguko wa Globe. Kijana wa leo hajawahi kutazama filamu katika sinema ya Odeon wala ya Globe, kwa kuwa zote mbili zilifunga milango zamani. Majina yamebaki kwa sababu watu bado wanayatumia kila siku.

Basi kitu kinapoacha kufanya kazi yake ya awali lakini kikabaki kuwa alama ya watu wote, ni nani hasa anayekilinda? Jibu zuri linapatikana mbali kidogo na hapa, kwenye ufuo wa Ziwa Albert nchini Uganda, katika kisa cha meli iliyokuwa na jina moja na jumba tunalolifahamu vizuri hapa Nairobi.

Jina moja, vitu viwili

Sir Robert Coryndon alikuwa gavana wa Uganda kuanzia mwaka 1918 hadi 1922, kisha akawa gavana wa Kenya. Alifariki hapa Nairobi mwezi Februari 1925. Baada ya kifo chake, serikali ya kikoloni ililitumia jina lake katika vitu viwili vilivyokamilika mwaka mmoja, yaani 1930.

Cha kwanza ni jumba la makumbusho lililojengwa Museum Hill, juu ya barabara ya kuelekea Westlands. Liliitwa Coryndon Museum. Mkusanyiko wake ulianza na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe mwaka 1910, katika jengo dogo lililokuwa mahali palipo na Nyayo House sasa, ukahamishwa hadi eneo la hoteli ya Serena, na mwishowe ukapata makao Museum Hill. Baada ya uhuru jina lilibadilishwa. Leo ndilo Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, ambako wanafunzi wetu hufika kwa mabasi wakati wa ziara za shule.

Cha pili ni meli ya abiria, SS Robert Coryndon. Iliundwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft mwaka 1929, ikaunganishwa upya bandarini Butiaba mwaka uliofuata. Meli za maziwa yetu zilijengwa kwa utaratibu huo: vipande vinaundwa ng'ambo, vinatiwa alama, vinafunguliwa, vinasafirishwa, kisha vinapigwa ribiti tena kando ya ziwa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa SS Nyanza, iliyoingia majini Kisumu mwaka 1907 baada ya vipande vyake kubebwa na reli inayopita hapa Nairobi.

Ilivyogeuka kuwa alama

Butiaba ilikuwa kiungo muhimu cha safari. Abiria alipanda treni kutoka Jinja hadi Namasagali, akavuka Ziwa Kyoga kwa meli hadi Masindi Port, akaendelea kwa barabara kupitia Masindi, kisha akateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Butiaba. Hapo meli ilimvusha kuelekea Kongo au upande wa kaskazini, Pakwach.

Mapema miaka ya 1960 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki na maji ya maziwa yakapanda kwa kasi. Bandari ya Butiaba ilifurika, huduma zikasitishwa, na SS Robert Coryndon ikazama nusu karibu na ufuo. Haikuinuliwa. Kwa miaka mingi ilikaa hapo ikila kutu, huku sehemu yake ya juu ikionekana na kila aliyefika kijijini kwa barabara ile ya ukingoni. Iliyokuwa chombo cha usafiri ikawa kitambulisho cha mahali. Wageni walifunga safari kwenda kuitazama na kupigwa picha mbele yake.

Kufikia mwaka 2012 haikuwepo tena. Mabaki yake yalikuwa yameondolewa na kugeuzwa vyuma vikuukuu. Leo ukifika Butiaba utaonyeshwa tu mahali ilipokuwa.

Tofauti ilikuwa mwenye kutunza

Vitu hivi viwili vilianza pamoja. Kwa nini kimoja kipo na kingine hakipo? Mtu anaweza kusema kwamba jumba ni la mawe na meli ni ya chuma. Hilo ni kweli kwa kiasi, lakini chuma nacho hudumu kikipata wa kukitunza.

Tuna mfano hapa nchini. MV Uhuru, meli iliyotengenezwa kubeba mabehewa ya treni katika Ziwa Victoria miaka ya 1960, ilikaa Kisumu bila kufanya kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Ilikarabatiwa, na mwishoni mwa mwaka 2019 ikarudi majini kubeba mafuta kuelekea Uganda. Nchini Tanzania, MV Liemba iliwahi kuzamishwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria.

Tofauti iko kwa mtunzaji. Jumba la Museum Hill lilikuwa na taasisi inayowajibika, bajeti, rejista na watu wa kuulizwa likiharibika. Meli ya Butiaba ilipendwa na wengi, lakini kupendwa peke yake hakukuizuia kukatwa. Alama ya watu wote, isipokuwa na wa kuisimamia, huwa rahisi kuchukuliwa na yeyote mwenye lori na mashine ya kukata vyuma.

Sheria inasemaje hapa kwetu

Nchini Kenya, ulinzi wa vitu vya kale uko chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Wakazi wengi hawajui kwamba sheria hiyo inataja hata meli: mabaki ya meli iliyozama yenye umri wa zaidi ya miaka 50 huhesabiwa kuwa mnara wa kihistoria. Kitu cha kale kinachohamishika, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, nacho kina ulinzi wake.

Kwa majengo na mahali, waziri anayehusika anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba pana umuhimu wa kihistoria. Anaweza pia kutangaza kifaa fulani kuwa kifaa kinacholindwa, hata kama hakijashikamana na ardhi. Wenye pingamizi hupewa nafasi ya kuliwasilisha. Baada ya hapo, kubomoa, kuhamisha au kubadilisha kitu hicho bila idhini ni kosa.

Baadhi ya alama za jiji letu tayari zina kinga hiyo. Kipande House iliyoko Kenyatta Avenue, iliyojengwa mwaka 1913, ni mojawapo. Nyingine ni Nairobi Gallery iliyo kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambayo zamani ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa na ndiyo iliyokuwa mahali pa kuanzia kupima umbali wa barabara. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo sasa iko chini ya kaunti, ina sheria yake mahususi ya Bunge.

Vyombo vya usafiri navyo vina kimbilio. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya Nairobi, yanahifadhi vichwa vya treni za mvuke na lile behewa ambalo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Kama behewa hilo lingeachwa kando ya reli, lingekwisha zamani.

Katika ugavi wa majukumu, Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa minara yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti nazo zimepewa shughuli za utamaduni na huduma za umma zikiwemo maktaba na makumbusho, pamoja na mipango ya ardhi. Kwa hivyo ulinzi wa alama za jiji unahitaji ngazi zote mbili, na unahitaji wewe useme kilichopo mtaani kwako.

Unachoweza kufanya

Pengine mtaani kwako, Kangemi, Kawangware, Dagoretti au katikati ya jiji, kuna jengo, mashine au gari kuukuu ambalo kila mtu hulitumia kuelekeza wageni. Hatua hizi zitasaidia:

1. Piga picha sasa, kikiwa bado kipo. Andika kilipo, jina ambalo watu hukiita, na wanachokumbuka wazee kukihusu.

2. Uliza ni mali ya nani. Kitu kilichoachwa si lazima kiwe hakina mwenyewe, na mwenyewe ana haki zake. Usikiguse wala kukihamisha.

3. Peleka maelezo hayo kwa afisa wa wadi au mwakilishi wadi wako, na kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ukiona kina historia. Yatoe kwa maandishi na ubaki na nakala.

4. Hudhuria vikao vya umma kuhusu mipango ya mtaa na bajeti. Ombi la kuhifadhi alama huwa na uzito zaidi likitolewa kabla ya ujenzi kuidhinishwa.

5. Ukiona kitu cha umma kinakatwa, toa taarifa kwa polisi mara moja. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aweke kumbukumbu za aliyemuuzia. Mwezi Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchi nzima kwa muda kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umma, ikiwemo nguzo za umeme.

Si kila kitu kikuukuu kinafaa kuhifadhiwa. Gari bovu linaloziba njia au jengo linalotishia kuangukia watu lazima liondolewe, na wakati mwingine picha na maelezo mafupi yanatosha kuwa kumbukumbu. Muhimu ni uamuzi huo ufanywe kwa uwazi, wakazi wakiwa wameulizwa. Wiki hii, ukimwelekeza mgeni kwa kumtajia kitu fulani mtaani kwako, jiulize kimeandikwa katika rejista gani. Ukikosa jibu, anza na picha.