Nyundo ya Kwanza: Juu ya Kompaila na Vifurushi vya Linux

Katika nchi ya Karagwe, ambamo Rugu ni mojawapo ya kata zake, uhunzi ni kazi ya kale. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, alirithi sanamu za ng'ombe za chuma miongoni mwa vyombo vya enzi. Mhunzi hufua nyundo kwa nyundo. Je, nyundo ya kwanza ilifuliwa kwa kitu gani? Bila shaka kwa jiwe. Swali hilohilo huwakabili watayarishaji wa kompaila za lugha za kompyuta.

Kompaila ni programu ifanyayo kazi ya mfasiri: hupokea msimbo ulioandikwa na mtu, ikaugeuza wote kuwa amri za mashine kabla ya kutumika. Iko na programu ya namna nyingine, mfano wa mkalimani, ambayo hugeuza papo hapo, kazi ikiendelea.

Mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, hugawa programu kwa vifurushi, na kila kifurushi hutaja vingine kinavyovitegemea. Kanuni yake ni kwamba kila kilichomo katika hazina kuu kiweze kuundwa kutokana na msimbo wake, kwa zana zilizomo humo humo. Hapo ndipo penye fundo. Kompaila ya kwanza ya Rust iliandikwa kwa lugha ya OCaml, lakini mwaka 2011 Rust iliweza kujifasiri yenyewe. Go nayo ilifuata mwaka 2015. Tangu hapo, toleo jipya huhitaji toleo lililotangulia. Mtayarishaji wa kifurushi cha kwanza hana budi kuazima kompaila iliyoundwa kwingine, aunde yake kwayo, kisha aiunde tena kwa hiyo yake mwenyewe, ndipo ile ya kuazima iondolewe.

Lakini kitu cha kuazima chaweza kuwa na ila. Mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha ya kuwa kompaila yaweza kuficha mlango wa siri na kuurithisha kwa kila kompaila iiundayo, hali msimbo wake ni safi kabisa. David A. Wheeler alieleza dawa: msimbo uleule ufasiriwe kwa kompaila ya pili isiyo na uhusiano na ya kwanza, na tunda lake liufasiri tena, kisha matokeo yalinganishwe. Nao watu wa Guix, mwaka 2023, walijenga mfumo wao kuanzia programu ya baiti 357 tu, ambayo mtu aweza kuikagua kwa macho. Hilo ndilo jiwe lao.

Mwalimu wa Rugu aletewaye vifurushi ndani ya diski, kwa kuwa intaneti ni ghali, huhakiki sahihi ya kifurushi na kujua kilikotoka. Sahihi haimwambii kilivyoundwa. Hilo hujulikana pale tu ambapo mtu yeyote, akiwa na msimbo, aweza kukiunda upya na kupata kilekile, baiti kwa baiti.