Mafunzo ya Jabalini
Tangu kustaafu ualimu napenda kutembea peke yangu Jabal Shams, jabali refu kuliko yote hapa Oman, lipatalo mita 3,000. Njia yapita ukingoni mwa genge hadi kijiji kilichohamwa zamani. Matuta ya mashamba yao yangalipo.

Nimejifunza mambo matatu. Kwanza, aga nyumbani: sema waenda wapi na warudi lini. Pili, maji ya chupani yakifika nusu, geuka, hata kama mwisho wauona. Tatu, mawingu yakitanda juu, usishuke wadini. Mvua ya mbali huleta gharika penye jua.

Aliye peke yake hana wa kumtegemea ila Mola wake na akili aliyopewa. Vijana wetu, mwenda pole hajikwai.