Mkono Unaochoma Usiku

Leo twataka kusema nanyi juu ya maumivu ya mkono yanayowapata wenzetu wenye ugonjwa wa kisukari. Katika makanisa yetu wako akina mama na wazee wanaokosa usingizi kwa sababu ya mkono unaochoma kama umepakwa pilipili, na mchana hawasemi neno. Wengine hudhani ni uzee. Wengine hudhani wamerogwa. Basi na tutazame chanzo chake.

Mwilini mna nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Hizo ndizo neva, yaani mishipa ya fahamu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huziharibu neva hizo pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu huumia kwanza. Kwa hiyo ganzi huanza katika vidole vya miguu, hupanda polepole, na kwa kawaida hufika mikononi baadaye sana, ikiwa imekwisha kukaribia magoti.

Je, miguu ikiwa mizima, na mkono ndio unaouma? Hapo tusikimbilie kusema, "Ni sukari tu." Mara nyingi ni neva moja iliyobanwa. Penye kifundo cha mkono neva hupita katika njia nyembamba pamoja na kano za vidole, na wenye kisukari hubanwa hapo kuliko watu wengine. Kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi. Maumivu humwamsha mtu usiku, hata yaweza kupanda mpaka begani, naye huukung'uta mkono apate nafuu. Lakini kidole cha mwisho kikiwa ndicho chenye ganzi, huenda neva nyingine imebanwa kwenye kiwiko.

Kupambanua haya ni jambo kubwa, kwa maana neva iliyobanwa yaweza kufunguliwa. Wengi husaidiwa na banzi la kunyosha kifundo wakati wa kulala. Wengine hudungwa sindano, ambayo yaweza kupandisha sukari kwa siku chache, na wengine hufanyiwa upasuaji mdogo. Mtu akingoja mpaka nyama ya chini ya kidole gumba ikonde, na vikombe vimponyoke, huenda nguvu zisirudi zote.

Neva zilizoharibiwa na sukari yenyewe ni vigumu kupona kabisa. Walakini kuitawala sukari huzuia madhara yasizidi, na ziko dawa za kutuliza maumivu hayo. Mkiwa mmemeza metformini kwa miaka mingi, mwambieni daktari, kwa sababu yaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huleta ganzi. Hupimwa kwa damu. Lakini msiache dawa kwa shauri lenu wenyewe.

Nyumbani, jihadharini na moto. Mkono wenye ganzi hausikii joto la sufuria, na wengi wameungua walipokuwa wakiukanda kwa maji moto. Mwingine na ayajaribu maji kwanza. Kidonda hata kikiwa kidogo kionyeshwe zahanatini mapema.

Tena sikieni: mkono ukiuma ghafla pamoja na kifua kubana, au ukilegea ghafla na mdomo ukapinda, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile.

Na sisi tulio wazima, tukimwona ndugu hawezi kufunga vifungo vya shati lake, au mama ameacha kushona, tusimwambie kwamba ni mvivu au kwamba imani yake ni haba. Tumwulize kwa upole, "Ni vidole vipi vyenye ganzi, na tangu lini?" Kisha tumsindikize kwa daktari akaseme hayo hayo. Jibu hilo fupi laweza kuuokoa mkono wake.