Kinda wa Buluu Katika Kiota cha Wekundu: Urithi wa Rangi za Njiwa

Mfugaji anaweza kuwa na jozi moja ya njiwa wekundu, dume na jike. Jike hutaga mayai mawili. Wazazi huatamia kwa zamu kwa muda wa siku 18 hivi. Makinda wanapoota manyoya, mmoja huonekana mwekundu kama wazazi wake, lakini wa pili ni wa buluu-kijivu, mwenye milia miwili myeusi juu ya kila bawa. Watazamaji husema mara moja kwamba dume wa nje ameingia kibandani. Shutuma hiyo huenda isiwe na msingi wowote. Elimu ya urithi huonyesha kwamba kinda huyo anaweza kuwa mtoto halali wa wazazi hao. Tena huweza kutaja jinsia yake kabla hajajua kuruka. Ni jike.

Rangi tatu za msingi

Njiwa wa kufugwa wametokana na njiwa wa miamba, ambaye wanasayansi humwita Columba livia. Rangi yake ya asili ni buluu-kijivu yenye milia miwili myeusi bawani. Ijapokuwa wafugaji wamepata aina nyingi mno kutokana naye, wingi huo wote wa rangi umejengwa juu ya rangi tatu tu za msingi: nyekundu-jivu, buluu na kahawia. Njiwa wa rangi nyekundu-jivu ana wekundu shingoni na kifuani, lakini mkia na ncha za mabawa yake zimepauka kama majivu.

Rangi hizo tatu huamuliwa na jeni moja yenye maumbo matatu. Umbo la nyekundu-jivu hulitawala la buluu, na la buluu hulitawala la kahawia. Njiwa mwenye maumbo mawili tofauti huonyesha rangi ya lile linalotawala. La pili halipotei, bali hufichika, nalo laweza kujitokeza katika kizazi kijacho.

Binti hufuata rangi ya baba

Jeni hiyo imo katika kromosomu ya jinsia. Wanafunzi wengi wanajua kwamba kwa binadamu mwanamke ana kromosomu XX na mwanamume XY. Kwa ndege mambo ni kinyume: dume ana kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ana ZW. Jeni ya rangi ya msingi imo katika Z, wala haimo katika W. Kwa hiyo dume hubeba nakala mbili za jeni hiyo, na jike hubeba moja tu. Mama humpa binti yake W. Z ya binti hutoka kwa baba. Maana yake ni kwamba binti hurithi rangi ya msingi kwa baba peke yake.

Sasa fumbo la kiota lafumbuka. Baba mwekundu alibeba umbo la nyekundu-jivu katika Z moja na umbo la buluu katika Z ya pili. Watoto wake wa kiume wote watakuwa wekundu, kwa sababu kila mmoja amepewa na mama Z yenye wekundu. Kwa upande wa mabinti, kwa wastani nusu watakuwa wekundu na nusu wa buluu. Kinda wa buluu hawezi basi kuwa dume. Aidha, mara nyingi baba wa namna hiyo hubeba ushahidi mwilini mwake: vidoa vyeusi au vya buluu katika manyoya ya mabawa na mkia.

Mfugaji akimchukua dume wa buluu na jike mwekundu-jivu, madume wote watakaozaliwa watakuwa wekundu na majike wote wa buluu. Akigeuza, yaani dume mwekundu asiyeficha rangi nyingine na jike wa buluu, makinda wote watakuwa wekundu. Matokeo yanapobadilika kwa kubadilishana nafasi za baba na mama, hiyo ni dalili ya urithi unaofungamana na jinsia. Jambo hili lina manufaa, kwani njiwa dume na jike ni vigumu kupambanuliwa kwa macho.

Yafaa hata hivyo kutahadhari. Uko wekundu mwingine, unaotokana na jeni nyingine isiyomo katika Z. Huu hufichika, na hujitokeza tu kinda anapoupokea kwa wazazi wote wawili. Njiwa wawili wa buluu wanaouficha waweza kuzaa kinda mwekundu, kwa wastani mmoja kati ya wanne. Alama yake ni kwamba wekundu hufika hata mkiani, pasipo mpauko wa majivu.

Kitendawili cha Darwin

Charles Darwin wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, alieleza jinsi alivyozalisha njiwa weupe na njiwa weusi. Watoto walikuwa na mabaka ya kahawia na meusi. Alipowazalisha hao wao kwa wao, alipata mjukuu wa buluu mwenye milia miwili, mfano wa njiwa wa porini. Darwin alitambua kwamba sura ya babu wa kale ilikuwa imerudi, lakini hakuwa na nadharia sahihi ya kueleza namna ilivyorudi. Leo inajulikana kwamba weusi wa njiwa husababishwa na jeni inayotawanya rangi nyeusi juu ya manyoya yote na kuifunika milia. Jeni hiyo ikikosekana, milia huonekana tena.

Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jeni ya rangi ya msingi ni ile iitwayo TYRP1, inayohusika na utengenezaji wa melanini. Wekundu-jivu hutokana na badiliko dogo la DNA ndani yake. Mwaka 2018 ikagunduliwa kwamba madoadoa ya mabawa ya baadhi ya njiwa wa kufugwa yaliingia kwa kuzaana na njiwa madoa, Columba guinea, ndege wa Afrika anayeonekana pia Tanzania na Kenya.

Kwa shule, jozi chache za njiwa na daftari la kumbukumbu vyatosha kuyathibitisha mengi ya haya. Mwanafunzi aandike rangi ya baba, ya mama na ya kila kinda, kisha akadirie matokeo kabla mayai hayajaanguliwa. Rangi inayoonekana ni sehemu tu ya urithi. Iliyofichika yangoja kizazi chake.