Mtambo wa Zamani wa Simu za Ofisini Unavyorejeshwa Kazini

Mtambo wa simu za ndani ya ofisi unaponyamaza, wanaoathirika kwanza ni watumishi wanaoutegemea kila saa: mlinzi wa getini anayetaka kuthibitisha mgeni, muuguzi wa zamu anayemtafuta daktari, karani wa masjala anayeulizwa jalada. Simu ya mkononi huziba pengo hilo, lakini mara nyingi kwa gharama ya mtumishi mwenyewe. Hata hivyo, mtambo ulionyamaza si lazima uwe umekufa, na ni vema mfuniko wake ufunguliwe kabla haujafutwa kwenye orodha ya mali.

Kazi ya mtambo huu, ambao mafundi huuita PABX, ni kuunganisha simu za jengo moja bila kupitia kampuni ya simu, na kuziwezesha meza nyingi kutumia laini chache za nje kwa kupokezana. Wazo la kuunganisha simu bila mwendeshaji wa swichibodi lilipata hataza nchini Marekani mwaka 1891. Mwenye hataza hiyo, Almon Strowger, alikuwa mtu wa shughuli za mazishi, wala hakusomea uhandisi. Mwaka uliofuata mtambo wa aina yake ulianza kazi katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Katika mitambo ya ukoo huo iliyoenea baadaye, mkono mdogo wa chuma hupanda kwa kufuata tarakimu moja, kisha huzunguka kwa kufuata nyingine. Ngazi 10 zenye vituo 10 kila moja hutosheleza namba 100.

Baadaye kadi za elektroniki zilichukua nafasi ya mikono hiyo, ila msingi wa umeme ulibaki uleule. Simu ikiwa imepumzika, laini yake kwa kawaida huwa na takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Mkono wa simu ukiinuliwa, mkondo hupita, nao mtambo hutambua kuwa yupo anayehitaji huduma na kumpa mlio wa kupigia. Ili kengele ilie, mtambo hupeleka mkondo geu unaoweza kufikia volti 90, na fundi anayeshika waya wakati huo hushtuliwa vibaya.

Kwa sababu hiyo, kosa la kwanza la kuepukwa ni kuwasha mtambo uliokaa miaka bila kazi ili tu kuona kama bado ni mzima. Kapasita za kitengo cha umeme hukauka kwa umri, na volti zikipanda kupita kiasi zinaweza kuunguza kadi ambazo hadi dakika hiyo zilikuwa salama. Fundi makini huzichomoa kadi zote, hukipima kitengo cha umeme peke yake kikiwa na mzigo wa majaribio, na kubadilisha kapasita zilizovimba au kuvuja. Volti zikitulia ndipo kadi hurudishwa, moja baada ya nyingine.

Betri ndogo iliyo juu ya kadi kuu nayo huangaliwa mapema. Ikiwa ni ya nikeli na kadimi, majimaji yake yakivuja hula njia za shaba. Mabaki hayo huondolewa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha kadi husafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke kabisa. Katika mitambo ya chuma, mguso wa rilei haupigwi msasa hata kidogo, kwa kuwa msasa huondoa tabaka la madini ya thamani lililowekwa ili kuzuia kutu.

Ugumu mkubwa zaidi huja baada ya taa kuwaka. Kumbukumbu ya mitambo mingi ya elektroniki hushikiliwa na betri hiyohiyo. Ikifa, mtambo huamka ukiwa haujui namba ipi ni ya chumba gani, nani ameruhusiwa kupiga nje, wala simu ya usiku iite wapi. Orodha ikiwa imehifadhiwa, hiyo ni kazi ya siku moja. Ikiwa imepotea, fundi hulazimika kufuata waya jozi kwa jozi kutoka kwenye fremu ya kugawia laini hadi kila meza. Ajabu ni kwamba karatasi hiyo, iliyo rahisi kutunza kuliko vyote, ndiyo inayokosekana mara kwa mara.

Laini za nje nazo huenda zimebadilika. Pale ambapo waya wa shaba umeondolewa na mkongo kuwekwa, kifaa cha kubadilishia mawimbi huhitajika, na baadhi ya vifaa hivyo havitambui mapigo ya simu za kuzungusha. Waya wa ardhini na vikinga radi hupimwa upya kabla laini yoyote ya nje haijaunganishwa.

Ikibainika kuwa kadi kuu imeungua na akiba haipatikani, kuendelea ni kupoteza fedha. Kadi nzima zilizobaki hutunzwa kwa ajili ya mtambo mwingine wa aina hiyo. Vinginevyo, kila namba hujaribiwa kwa kupiga na kupigiwa, umeme wa gridi hukatwa makusudi ili kuona kama betri za akiba zinapokea mzigo, na orodha mpya ya namba huchapwa nakala mbili: moja masjala, nyingine ndani ya mlango wa mtambo.