Kutu Nayo ni Rangi

Nyuma ya nyumba yetu Mikindani, Mombasa, kuna bati limeegemezwa ukutani tangu paa libadilishwe. Lilikuja jipya liking'aa kama sahani. Sasa pembe ya chini ni manjano kama bizari iliyomwagika, katikati ni chungwa bivu, na kandokando ya tundu za misumari ni damu ya mzee. Nyumbani wanataka litupwe. Mimi nalitazama kama mchoro, wala si mimi wa kwanza.

Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya aliyezaliwa 1960 na anayeishi San Antonio, Texas, amejipatia jina kwa mabati haya haya. Katika kazi zake usitafute sura ya mtu wala mti. Huliacha bati lipigwe na maji na hewa, pengine akaliongezea rangi, akangoja. Mwaka 2013 October Gallery ya London ilionyesha kazi zake kwa jina la Ituĩka, neno la Kigikuyu la rika moja kulikabidhi jingine madaraka. Mabati kwake yana historia: ni yale ya vikundi vya akina mama waliochangishana pesa, wakaezekeana nyumba kwa zamu.

Anachokingoja ni kemia. Bati ni chuma kilichovishwa zinki, na zinki ni kama kaka anayekubali kuchapwa badala ya mdogo wake. Hata bati likikwaruzwa, zinki ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kilicho jirani kikabaki salama. Ule unga mweupe juu ya bati kuukuu ni mabaki yake. Zinki ikiisha, zamu ni ya chuma: atomi zake huachia elektroni, oksijeni ikazipokea, maji yakiwa njia. Chumvi huharakisha mambo kwa sababu huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, tena huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hiyo bati la hapa, karibu na hori ya Tudor, halizeeki kama la Nyeri, mbali na bahari.

Lakini mbona rangi nyingi hivyo? Kutu si kitu kimoja, ni ukoo. Gethaiti ni ya manjano inayoelekea kahawia, lepidokrositi ni ya chungwa, hematiti nyekundu, magnetiti nyeusi. Chuma ni kile kile. Kinachotofautiana ni jinsi atomi zake zilivyojipanga na oksijeni, na kama kuna hidrojeni iliyonaswa humo. Kutu nyingi humeza mwanga wa buluu na zambarau, zikaturudishia manjano na wekundu. Ndiyo maana bati likiachwa peke yake halikupi samawati hata ulingoje miaka kumi. Rangi ya kopo hutoka kiwandani imeshaamuliwa. Hii ya kutu huamuliwa na mvua, chumvi na siku. Kwangu mimi ufundi wa Gakunga uko katika subira hiyo kuliko katika mkono.

Binadamu amepaka kutu tangu zamani sana. Ngeu, ile ambayo maseremala walipigia mistari kwenye mbao, ni udongo wenye hematiti. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, ambalo watu walianza kulitumia miaka takriban 78,000 iliyopita, watafiti walifukua vipande vya ngeu pamoja na shanga.

Nami nilijaribu kupata rangi kwa kutu jikoni, jambo ambalo nawe unaweza kulijaribu. Sisi wa Mombasa chai isiyo na maziwa huiita mkandaa, jina la mti wa jamii ya mikoko ambao magome yake hutoa maji mekundu ya kutilia ngozi rangi. Jina limepata kitu: chai na magome hayo vyote vina tanini. Nililaza misumari yenye kutu ndani ya siki usiku kucha. Asubuhi nikadondosha matone ya siki ile kwenye kikombe cha mkandaa. Wekundu ulitoweka pale pale, chai ikawa nyeusi ti, kama wino. Ni wino kweli: chuma kikishikana na tanini hutoa weusi, na kwa karne nyingi Ulaya iliandika vitabu na hati zake kwa wino wa namna hiyo.

Ukijaribu, usiinywe, na chukua kikombe usichokionea uchungu. Changu kina doa hadi leo.