Gari-nyumba kwenye feri ya Likoni: Dereva ahesabu maji kabla ya kuingia foleni

MSAFIRI anayetoka Msambweni au Diani akielekea Mombasa hukutana na jambo ambalo madereva wa bara hawalijui sana. Mji anaokwenda uko kisiwani, na barabara kuu inayotoka Lunga Lunga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hukatika Likoni penye mkondo wa bahari. Upana wa mkondo huo ni takriban nusu kilomita, na feri huuvuka kwa dakika chache.

Kwa mwenye gari dogo, uvukaji huo ni jambo la kila siku. Kwa mwenye gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na maji ndani yake, hasa likiwa limefunga gari jingine nyuma, dakika hizo chache zahitaji maandalizi.

Magari ya aina hiyo si mageni katika Pwani Kusini. Watalii wanaozunguka Afrika kwa barabara wamekuwa wakipiga kambi katika fuo za Tiwi na Diani kwa miaka mingi. Aidha, mwenyeji anayevuta trela ya mashua, jenereta au gari bovu linalopelekwa kwa fundi mjini hukabiliwa na tatizo lile lile.

Tatizo lenyewe haliko katikati ya mkondo bali kwenye kingo zake, pale gari linapoteremka barabarani na kuingia ndani ya feri. Feri ya Likoni haifungwi kwenye gati la kimo kimoja. Huja na kuegemea mteremko wa zege, kisha hushusha mlango wake wa chuma ambao ndio njia ya magari na waenda kwa miguu. Mahali inapoegemea hutegemea kimo cha maji, nacho hutegemea mwezi.

Wavuvi wa Gazi na Shimoni hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa huzidi mita tatu katika bandari ya Mombasa. Wakati wa maji mafu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja.

Katika siku za bamvua, maji ya pwani ya Kenya hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Hivyo, anayefika Likoni saa nne asubuhi siku ya bamvua huikuta feri ikiwa chini kabisa. Gari lake litapita kwenye mteremko mrefu zaidi, na sehemu ya mwisho ya zege, ambayo kwa kawaida hufunikwa na maji, huwa na unyevu na utelezi.

Hapo ndipo urefu wa gari-nyumba unapoleta taabu. Magari mengi ya aina hiyo yana mkia mrefu unaopita magurudumu ya nyuma. Tuchukue mfano wa mkia wa mita 3, na mteremko unaoshuka mita 1 katika kila mita 8. Magurudumu yote yakiwa yameingia kwenye sakafu bapa ya feri, ncha ya mkia bado iko juu ya mteremko, na mahali hapo ardhi imeinuka kwa takriban sentimita 37. Ikiwa kiungo cha kuvutia kiko chini ya kimo hicho, kitakwaruza zege au kukwama.

Hatari ya pili ni uzito. Gari-nyumba la tani 3 na nusu likivuta gari la tani 1 na nusu hufanya jumla ya tani 5. Katika mteremko uliotajwa, mzigo huo huvutwa kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 620 hivi. Breki ya mkono, ambayo katika magari mengi hushika magurudumu mawili tu, ndiyo inayotarajiwa kuubeba mzigo huo wote, kwa kuwa gari la nyuma limeachwa huru lipate kuvutwa. Dereva akisimamishwa katikati ya mteremko kusubiri waliotangulia, usalama wake na wa walio nyuma yake hutegemea waya mmoja wa breki.

Hayo si mambo ya kufikirika. Mnamo Septemba 29, 2019, gari dogo lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee na kuzama. Lilitolewa baharini Oktoba 11, karibu wiki mbili baadaye, kutoka kina cha takriban mita 58. Gari hilo halikuwa likivuta chochote. Kabla ya hapo, Aprili 29, 1994, watu 272 walifariki feri iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka Mtongwe, kivuko jirani. Misiba hiyo miwili haikutokana na chanzo kimoja, lakini yote ilitokea karibu na nchi kavu, katika safari ambayo wengi huiona fupi mno kuhitaji tahadhari.

Katika feri nyingi za Ulaya, kwa mfano zile zinazokwenda kisiwa cha Wight nchini Uingereza, mwenye gari hutakiwa kutaja urefu wote anapokata tiketi, pamoja na trela na kiungo chake. Abiria hutoka garini wakati wa safari. Taratibu za Likoni ni tofauti, kwani watu na magari husafiri kwenye sakafu moja, ila mantiki ya tahadhari hizo ni ile ile.

La kwanza ni kutenganisha magari kabla ya kufika kivukoni, ikiwa kuna madereva wawili. Kila gari huingia kwa nguvu na breki zake. Gari linalovutwa kwa magurudumu yake yote manne haliwezi kurudishwa nyuma vyema, kwa hivyo dereva akikwama hana namna ya kujinasua.

La pili ni kuchagua saa. Siku za bamvua, afadhali kuvuka maji yakiwa nusu, kama vile saa saba mchana, kuliko saa nne asubuhi. Wiki ya maji mafu ni bora zaidi.

La tatu ni kusubiri juu, mahali tambarare, hadi nafasi ndani ya feri iwe wazi, ili gari lisisimame mteremkoni. Likishaingia, injini izimwe, gia iwekwe, breki ya mkono ivutwe, na kabari za mbao zitiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Mtungi wa gesi ya jikoni ufungwe kabla ya foleni. Wasio madereva, hasa watoto, washuke na kuvuka kwa miguu. Mwenda kwa miguu halipi nauli.

Hata hivyo, wapo ambao hawana haja ya feri kabisa. Barabara ya Dongo Kundu huachana na ile ya Lunga Lunga huko Kibundani, ikapita madaraja ya Mteza na Mwache, na kutokea Miritini kwenye barabara ya Nairobi. Anayetaka kuingia kisiwani aweza kutoka hapo akapitia Changamwe na Makupa. Njia hiyo ni ndefu kwa anayekwenda katikati ya mji, lakini haina mteremko wa zege, wala haijali mwezi.

Na yule ambaye kisiwa anachokitamani ni Wasini, mkabala na Shimoni, hesabu yake ni nyepesi zaidi. Huko hakuna magari. Gari-nyumba na kila linachokivuta hubaki bara, na mwenyewe hupanda mashua kama watu wote.